Barua kwa Deo, kutoka Munich

Munich, mwishoni mwa Novemba

Mpendwa Deo,

Salamu ndugu yangu. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Uliniuliza kwenye simu kama bado nahangaika na "lugha ya marehemu", yaani Kilatini. Nahangaika, tena muhula huu marehemu amenikaba koo. Tuna somo la kutunga: unapewa ukurasa wa Kijerumani uugeuze Kilatini cha Cicero, yule msemaji wa Roma ya kale, na kamusi hairuhusiwi. Nifikirie mimi: nasoma Kijerumani, nawaza Kiswahili, naandika Kilatini.

Zoezi la kwanza lilirudi limejaa wino mwekundu. Palitakiwa neno la "mwokozi", nami bila wasiwasi nikaweka salvator. Si tumeliimba miaka yote seminari? Mhadhiri kalikata, pembeni kaandika tu: "Cicero, Verres." Nikakimbilia maktaba. Kumbe mwaka 70 kabla ya Kristo, Cicero akimshtaki Verres, gavana aliyeifilisi Sicilia, anasimulia kwamba aliona Syracuse, mji wa kisiwa hicho, maandishi yanayomwita mwizi yule soter, mwokozi kwa Kigiriki. Neno hilo ni kubwa, anasema, hata Kilatini hakiwezi kulieleza kwa neno moja. Salvator letu lilikuja baadaye, na Wakristo. Kilatini chetu cha misa, Deo, hakikuwa kibaya. Kilichelewa kuzaliwa tu. (Na wala sijakwambia walivyotabasamu niliposema "Chichero". Hapa ni "Kikero".)

Lakini pana mahali nami natamba. Soma mstari huu wa Horatius, mshairi wa Roma ya kale, polepole:

Quis multa gracilis te puer in rosa

Neno kwa neno: nani, tele, mwembamba, wewe, kijana, katika, waridi. Vurugu tupu! Wenzangu huchukua penseli wakaunganisha maneno kwa mishale. Mimi sikio linafanya kazi yenyewe, maana ukishasikia "vikali" unavingoja visu, hata vikichelewa. Warumi upatanisho wameuweka mkiani mwa neno, basi. Multa inaingoja rosa, gracilis anamngoja puer. Sasa tazama te, yaani "wewe", msichana anayeambiwa shairi, alipoketi: katikati kabisa, neno la nne kati ya saba. Kijana mwembamba kamzingira kushoto na kulia, na mawaridi yamewazingira wote wawili. Nilipoandika ubaoni "kisu kikali, visu vikali", mhadhiri aliacha Horatius tukamaliza kipindi kwa ngeli.

Wiki iliyopita nilipelekwa kuona ile kamusi kuu ya Kilatini inayotungwa mjini hapa. Wameianza 1894, wana kadi kama milioni 10 makashani, na bado hawajaimaliza. Nikajisikia nafuu kuhusu tasnifu yangu.

Sasa nina ombi, wewe unayefundisha ushairi. Nipe mstari huo kwa Kiswahili, "wewe" akae katikati, kijana amkumbatie pande zote mbili. Nimejaribu usiku tatu. Kila mara kijana ananitoroka upande mmoja.

Na waambie wanafunzi wako wakuite Deogratias. "Deo" peke yake ni "kwa Mungu", halafu kimya. Shukrani zenyewe tumekuwa tukizikata miaka yote.

Wako,
Benedicto