Kijana anayependa kuendesha anunue gari dogo, jepesi na zima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ushauri ambao vijana wengi wa mjini hupewa wanapotaka kununua gari la kwanza, hasa wale wanaolipenda gari kwa ajili ya kuliendesha. Ushauri wenyewe unafahamika: nunua gari linalouzika haraka, la otomatiki, lililoinuka kidogo ili lihimili barabara za mtaani, na fedha zikipungua ukakope. Kwa mtu mwenye familia na safari za kila siku sina ugomvi na ushauri huo. Lakini kijana anayezijua injini kama wenzake wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga hapati anachokitafuta kwa njia hiyo. Huishia ama na gari lisilo na ladha, ama na gari kubwa la turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu) ambalo baada ya miezi michache linalala gereji kwa kukosa fedha za spea.

Maoni yangu ni kwamba kijana huyo atafute hachibaki ndogo iliyotumika, yaani gari fupi lenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake, yenye gia za manyuo, yaani za kubadilisha kwa mkono, ambayo haijafanyiwa mabadiliko, na abakize sehemu ya fedha zake kwa ajili ya kuirudisha katika hali nzuri. Utamu wa kuendesha hutokana zaidi na wepesi wa gari kuliko ukubwa wa injini. Gari jepesi husimama haraka linapofungwa breki, hugeuka kwa wakati unapozungusha usukani, halitafuni matairi, na dereva wake anaweza kuitumia injini barabara, akabadilisha gia ya pili na ya tatu kwa raha, bado akiwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa. Katika maeneo ya makazi kikomo chetu ni kilomita 50 kwa saa. Mwenye gari la nguvu za farasi 280 hawezi kulifaidi kwa mwendo huo bila kuhatarisha maisha ya watu.

Wazo hili si geni. Mwaka 1976 Volkswagen walianza kuuza Golf GTI, gari la kawaida la familia lililotiwa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, uzito wa gari zima ukizidi kidogo tu kilo 800, na watu wasio na uwezo wa kununua gari la michezo wakapata gari moja la kwendea kazini na la kufurahia siku ya mapumziko. Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi, ingawa wanaoukumbuka ni wachache. Katika mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1993 nchini Kenya, Toyota Celica zilishika nafasi nne za kwanza, na nyuma yake zikafuata Daihatsu Charade tatu, nafasi ya tano, ya sita na ya saba. Injini ya Charade hizo ilikuwa na silinda tatu na haikutimiza hata lita moja. Anayedhani gari dogo haliwezi kuhimili vumbi na mawe yetu ayatazame upya matokeo ya mwaka ule.

Kwa soko letu la leo, gari ambalo ningelitaja kwanza ni Suzuki Swift Sport, toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2005 ambalo mafundi hulijua kwa namba ya chesisi ZC31S. Lina injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, nguvu za farasi 125, gia tano za manyuo na uzito wa takriban kilo 1,060. Nguvu hizo hufikia kilele injini inapozunguka mara 6,800 kwa dakika, kwa hiyo gari hili humtaka dereva ashiriki: ukilizubaia kwenye gia ya tano halikupi kitu, na ukishusha hadi ya tatu kwa wakati wake linaitika. Toleo lililofuata, la mwishoni mwa mwaka 2011, liliongezewa gia ya sita na nguvu zikafika farasi 136, lakini bei yake bado iko juu kidogo. Injini ya magari yote mawili hutumia cheni ya taimingi, inayoratibu mwendo wa sehemu za ndani ya injini, badala ya mkanda unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda, jambo linalompunguzia mwenye gari gharama moja kubwa, mradi oili imekuwa ikibadilishwa kwa wakati.

Zipo nyingine. Honda Fit RS na Toyota Vitz RS, zote za lita 1.5, hupatikana zikiwa na gia za manyuo, na Vitz ina faida ya spea kujaa Kariakoo. Toyota Starlet ya miaka ya 1990, hata ile isiyo na turbo, uzito wake haufiki tani moja na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Tatizo la Starlet ni kupata ambayo bado ni nzima, maana nyingi zimeshafanyiwa kila aina ya majaribio.

Jambo la kodi halina budi kuangaliwa mapema. Kwetu Tanzania gari lililozidi umri wa miaka minane linaruhusiwa kuingia, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Matokeo yake ni kwamba Swift iliyouzwa kwa bei nafuu kwenye mnada wa Japani inaweza kutozwa kodi inayoizidi bei yenyewe. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata nafasi hiyo, kwa kuwa gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa kabisa. Ndiyo maana nashauri kutafuta gari ambalo tayari lina namba za hapa nchini, kwa mtu mmoja mwenye kadi yenye jina lake, kuliko kumwachia dalali kazi hiyo.

Kagua gari asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, mwombe mkutane siku nyingine, kwa sababu mlio wa cheni iliyolegea na moshi wa buluu wa injini inayokula oili hujitokeza zaidi katika sekunde za mwanzo. Fungua boneti utazame boliti zinazoshikilia mafenda: rangi ikiwa imechubuka kwenye pembe za boliti, fenda hilo limewahi kufunguliwa, na uulize kwa nini. Nyanyua zulia la buti, utoe tairi la akiba, upitishe kidole kwenye maungio ya bati. Kiwandani gundi hupakwa kwa mstari ulionyooka, na bodi lililogongwa nyuma likanyooshwa utaligundua hapo hata kama rangi ya nje inang'aa. Hapohapo ndipo kutu huanzia, hasa kwa magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo ulio ubavuni mwa tairi, kwa mfano 2316, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, gharama ya kulibadilisha ipunguze kwenye bei hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ni nene. Kisha endesha, na gari likiwa bado halijapata moto ingiza gia ya pili kwa haraka kidogo. Ikikwaruza, giaboksi inahitaji kazi.

Baada ya kununua, fedha zilizobaki ziende kwenye matairi mazuri, shokapu, bushi (raba za maungio ya chini ya gari), bolijointi (viungo vinavyoliwezesha gurudumu kugeuka), pedi za breki na oili zote, ikiwemo ya giaboksi ambayo wengi huisahau. Hapa ndipo ninaposikitishwa sana na yanayofanyika mitaani. Gari zima linanunuliwa leo, kesho springi zimekatwa, keshokutwa limefungwa rimu kubwa nzito na ekzosi inayoamsha watoto usiku. Springi iliyokatwa huifanya shokapu igonge chini kwenye kila tuta, na rimu nzito huondoa ule wepesi uliokuwa sababu ya kulinunua gari. Gari la Swift lililokuwa likipita kona za Lushoto kwa utulivu hugeuka kuwa gari la kuogopa shimo. Bushi mpya hazionekani kwenye picha, lakini anayekaa nyuma ya usukani atazihisi kuanzia mita mia za kwanza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa magari wa gazeti lako, ambao mara nyingi huandika habari za magari mapya ya bei ambayo wasomaji wengi hatutaifikia, uanze kuyapima pia magari haya madogo yaliyotumika: mafundi waulizwe ni kipi huchakaa kwanza katika kila aina, bei za spea za maduka ya Gerezani hapa Dar es Salaam zichapishwe, na wamiliki wanaotunza daftari la huduma za gari wapewe nafasi ya kueleza gharama zao za mwaka. Swift Sport ingefaa kuwa ya kwanza.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam