Mwanga wa saa kumi: barua kwa mdogo wangu aliyeko Muscat

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, lakini najua unanisoma hapa. Shangazi kaniambia ulimtumia yale niliyoandika mwezi wa Ramadhani. Basi nakuandikia hapahapa.

Nimesikia umenunua kamera. Nimefurahi, wallahi. Halafu nikaziona picha ulizopiga harusini kwa rafiki yako: mia nne na zaidi kwa usiku mmoja, flashi usoni kwa kila mtu, bibi harusi kapauka mpaka hina haionekani. Una jicho zuri tangu mdogo. Kinachokuponza ni haraka.

Kabla hujaishika kamera, kaa kwanza. Utazame mwanga unaingilia wapi na unakwenda wapi. Fanya kama alivyotufanyisha Baba na kile kikombe cha kahawa dirishani, tukichungulia kivuli chake tangu asubuhi hadi alasiri. Kikombe kilekile, asubuhi kinang'aa mdomo, mchana hakina hata umbo, alasiri unaweza kuhesabu nyufa zake. Na zile jioni alizotusimamisha mbele ya kioo cha Capital Art Studio, pale barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, duka la picha alilolifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Wewe ulitaka kwenda Forodhani kula urojo. Baba alikuwa anatuonyesha macho ya wale watu wa zamani pichani: "Tazameni kijitone cheupe kwenye mboni. Dirisha hilo. Kisipokuwepo, mtu kama hayupo."

Hicho kijitone ndicho nilichokuwa nakisubiri Ijumaa ile. Hilo hukutaka kulisikia.

Baba alisimama mlangoni saa sita na robo, kanzu mpya, kofia ya viua, mkono umeshika mwimo wa mlango kwa sababu miguu ilikuwa imeshachoka. "Nipigeni picha kabla sijaenda msikitini." Mwezi wa kumi, jua la Unguja saa sita linakaa utosini hasa. Mtu yeyote ukimpiga saa ile hana macho, ana mashimo mawili meusi. Nikamwambia, "Baba, ngoja saa kumi. Jua litaupiga ukuta wa jirani, mlango wetu utajaa." Akanitazama kidogo. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Wewe ukachomoa simu ukampiga palepale. Nikakukaripia mbele yake. Neno nililokwambia silirudii hapa, unalijua.

Saa kumi ule ukuta wa chokaa ulijaa mwanga kama nilivyosema, laini, mpaka ndani ya ukumbi. Baba alikuwa kalala. Nilisimama mlangoni na kamera yake ya Yashica kifuani, filamu ya picha kumi na mbili, kumi na moja zishapigwa. Sikumwamsha. Mwanga ukapanda ukutani, ukafika kwenye madirisha ya juu, ukatoka. Jumamosi hakuinuka kitandani. Jumapili kabla ya alfajiri, ndiyo hivyo tena.

Nami nilikuwa tayari kuyabeba hayo. Ila siku ya hitma, kina mama tukiwa nyuma ya pazia, nikakusikia ukiwaambia wajomba: "Dada kamnyima Baba picha yake ya mwisho." Hapakuwa na aliyekujibu. Nilisikia juzuu zikifungwa. Mama Mkubwa akanishika goti, hakusema kitu, na mimi mpaka leo nahisi uzito wa ule mkono.

Sikumnyima. Nilitaka apate picha inayomstahili. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alikuwa akimpiga kila mteja picha moja tu, kwa mwanga wa mchana, kwa sababu filamu ilikuwa ghali, na watu wale bado wanatutazama. Baba mwenyewe ndiye aliyenifunza kungoja. Ningempiga vile saa sita, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuniuliza, "Macho yangu yako wapi?" Angeuliza. Nina hakika angeuliza.

Ila alisema "kabla sijaenda". Nilimsikia anakusudia msikitini.

Ile filamu bado imo ndani ya kamera, na nafasi ya kumi na mbili iko wazi. Sijui nimpige nani.

Picha yako sijaitazama. Arobaini walipoipitisha simu mkono kwa mkono, niliinuka nikaenda jikoni. Sasa naiomba. Nimefikiri sana juu ya ile kanzu: ilikuwa nyeupe, mpya, na jua lilikuwa kali juu ya sakafu. Kitambaa cheupe hurudisha mwanga juu usoni, hata chini ya kofia. Huenda kile kijitone kimo. Kidogo tu, upande wa chini wa mboni.

Usiing'arishe wala usiikate. Na usiitume kama picha kwa WhatsApp, huko hupunguzwa ikafifia. Itume kama faili, vile ilivyotoka, ili niweze kuikuza.

Dada yako