Harufu ya embe mwezi wa nane

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku Ngamiani hatujambo. Presha ya mama yenu imeshuka, kuku wawili wamekufa kwa kideri, waliobaki nimewatenga. Sauti zako tatu za WhatsApp nimezipata. Ya kwanza niliisikiliza peke yangu kibandani kwenye redio zangu, ya pili mama yenu akaniambia niongeze sauti, ya tatu nadhani imesikika mpaka barabara ya pili.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na kwenye grupu la familia wamo wajomba zako, na shangazi yako wa Pangani ambaye tangu juzi ananiita Bwana Embe. Mtoto kumwambia baba yake kosa si dhambi, hilo nimekulea nalo. Lakini humwita chemba. Wewe umeandika mbele ya watu 41 kwamba baba ameruka mkojo kakanyaga mavi, yaani nimeacha sigara nikashika vepu, hii sigara ya umeme yenye ladha ya embe. Mjomba wako akajibu, "Huyo ndiye muuguzi wetu!" Na mimi, mwanangu, nilikasirika hadi nikaiweka simu kifudifudi, kisha nikaigeuza nikasoma tena, maana ulivyoyapanga yale maneno hata daktari mkuu asingeyapanga vile. Somo yako, mama yangu mzazi, naye alikuwa na mdomo huo huo.

Sasa nikujibu. Halafu nikuombe jambo kuhusu mdogo wako Kassim, na hilo la Kassim ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Lakini kwanza nikujibu, usije ukasema baba amekwepa.

Sigara nimevuta miaka 40. Nilianza 1985 nikiwa saidia fundi wa umeme kwenye korona, kiwanda cha mkonge, na tangu Idi ndogo ya mwaka huu sijanunua pakiti. Pale msibani kwa jirani nilivuta moja. Moja na nusu. Kikohozi cha alfajiri kimeondoka, nasikia tena harufu ya nazi ikikunwa, baiskeli naipanda kutoka hapa hadi Sahare kufuata dagaa bila kushuka njiani kujifanya naangalia mnyororo. Mama yenu amerudisha mto wake chumbani. Hayo sikuandikii zaidi.

Ile vepu ya kwanza aliyoniletea Twalib kutoka Kariakoo ilipoisha sikuitupa. Niliilaza mezani nikaifungua kwa bisibisi ya redio. Wenzangu barazani wanaizungumza kama jini la kwenye chupa, lakini ndani yake hamna maajabu. Kuna betri ya lithiamu ya volti 3.7, nene kama kidole gumba changu. Kuna kitu kidogo cha duara kinachohisi pumzi. Kuna pamba iliyolowa maji mazito, na katikati ya pamba koili ya waya mwembamba. Ukivuta, kile cha duara kinaruhusu umeme, koili inapata moto, maji yanakuwa mvuke. Hakuna jani linaloungua. Na kuungua ndiko kunakoua; wewe mwenyewe, mwaka wako wa kwanza chuoni, ulinisomea hapa hapa uani kwamba moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 na kama 70 kati yake zinaleta saratani. Nilikusikia siku ile. Ulidhani nimesinzia.

Pamba pale karibu na koili ilikuwa nyeusi, imeungua kidogo. Nalisema hilo kwa kuwa fundi hafichi alichokiona.

Mwalimu jirani yetu alinisomea kwenye simu yake kwamba aliyebuni kitu hiki ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, mvutaji kama mimi, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Basi hakikubuniwa kwa mchezo. Ukaniambia Uhindi wamekipiga marufuku tangu 2019 na Uganda wakawatangulia kwa sheria ya 2015. Kweli. Lakini sigara yenyewe, ile inayoungua, si bado inauzwa dukani huko Uhindi na huko Uganda? Nijibu hilo, maana kwenye ile sauti ya tatu ulilipita mbio. Wataalamu wa afya ya umma wa Uingereza walisema mwaka 2015 kwamba madhara ya vepu ni pungufu kwa takriban asilimia 95 ukilinganisha na sigara. Na wale wa Marekani wa mwaka 2019 ulionitajia, wagonjwa wa mapafu zaidi ya 2,800 na vifo 68, wengi wao walikuwa wanavuta maji ya bangi yaliyochanganywa mafuta ya vitamini E. Mimi bangi sivuti. Kwa hiyo usinihesabu humo.

Nakubali kwamba pungufu si sifuri. Nakubali pia kwamba kitu cha 2003 hakijapata mtu aliyekivuta miaka 40 tukampima. Kwenye boksi imeandikwa asilimia 5, na mwalimu akanifafanulia kwamba hiyo ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita, wakati Ulaya hawaruhusu kuzidi 20. Basi nikaelewa kwa nini naamka saa nane usiku kuipapasa chini ya mto. Sigara ilikuwa na mwisho wake, unafika kwenye kichungi unaitupa. Hii haina kipisi. Unavuta ukiangalia taarifa ya habari, unavuta ukitafuta soketi, unavuta ukiwa msalani. Hilo ulinikamata kwelikweli, nami sikujibu kwenye grupu kwa sababu sikuwa na jibu.

Sasa Kassim.

Wiki tatu zilizopita mama yenu alikuwa anafua. Akaninusisha shati la shule la Kassim. Embe. Mwanangu, tuko mwezi wa nane. Tanga nzima sasa hivi ni machungwa ya Muheza yamerundikwa njiani, embe bado msimu wake haujafika. Nikamwambia labda ni sabuni. Akaniangalia vile unavyojua anavyoangalia.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sikumwambia yeye. Zile vepu zilikuwa zinaniishia mapema tangu mwezi wa sita. Ya wiki inakwisha siku nne. Nikampigia Twalib nikamfokea kwamba ananiletea bandia. Akaapa. Nikamwambia hao Wachina wamekutapeli. Mimi fundi, mteja akija kunilalamikia kwamba umeme wake wa LUKU unakwisha haraka, swali la kwanza ninalomuuliza ni nani mwingine anatumia umeme kwenye waya wako. Swali hilo sikujiuliza miezi miwili nzima. Na nilikuwa naiacha juu ya kabati la televisheni, kwenye chaji.

Nilijaribu kusema naye. Ijumaa baada ya swala nilimwita uani, nikamweka kwenye kigoda, nikajisafisha koo. Nikasema, "Kassim." Likatoka jina na mvuke pamoja, maana nilikuwa nimevuta sekunde hiyo hiyo bila hata kujua. Tukatazamana mimi na mtoto. Mvuke ukapanda ukapita kwenye kamba ya nguo. Yeye hakucheka, na afadhali angecheka. Nikamuuliza kama amemaliza hesabu. Akasema amemaliza. Akaondoka.

Ndiyo maana nakwambia, muulize wewe. Ana miaka 16. Wewe ndiye uliyesema ubongo wa mtoto unaendelea kujengeka hata kufika miaka 25 na nikotini inauingia kabla haujakomaa. Mimi ubongo wangu umeshakauka kama kifuu, wangu mimi niachie. Wa Kassim ndio wa kushika. Na nasikia hao vijana wa Chumbageni anaotembea nao wanajazishiana maji kutoka chupa zisizo na maandishi. Hapo ndipo nikikumbuka wale 68 wa Marekani usingizi unakata. Muulize maji ya nani. Hilo lianze kabla ya yote.

Usimuulize kwa ile sauti ya tatu. Muulize kama unavyouliza wagonjwa wako.

Nilisikia kwamba hao hao Waingereza wa asilimia 95 wamezipiga marufuku vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na sababu mojawapo ni watoto. Mwalimu aliponisomea nilimwambia hiyo siasa. Sasa naona si siasa. Rangi zile, utamu ule, mtu mzima wa miaka 60 anahitaji embe la nini? Sigara kali ilimfanya mtoto akohoe akimbie. Hii inamkaribisha kama peremende.

Na usiniletee yale ya duka la Mpemba. Najua yapo kichwani mwako, na ulipokuwa unarekodi ile sauti nilisikia unayakaribia ukayaacha, nakushukuru. Sheria ya tumbaku ilitungwa 2003 na inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Wewe mwaka 2008 ulikuwa na miaka minane. Mimi wakati ule nikikutuma sigara niliona natuma mtoto dukani kama watu wote wanavyotuma. Na kukutuma uniwashie kwenye jiko la mkaa pia. Basi. Wewe hukuvuta, Mungu akakulinda, au ulikichukia kile kitu kwa sababu yangu, sijui, sikuwahi kukuuliza. Kassim sikumtuma hata siku moja. Nilidhani hiyo inatosha.

Kuhusu mimi, usiniwekee tarehe. Nimemwambia Twalib asilete tena asilimia 5, alete ya chini, na isiyo na ladha ya matunda. Amesema atatafuta. Iliyopo naifungia kwenye sanduku la zana kwa kufuli, ufunguo uko shingoni kama wa mtoto wa shule, na mama yenu anacheka. Jana niliifungua mara tisa. Naandika kwenye daftari la kibandani, ukurasa wa nyuma ya madeni ya wateja.

Bati la jikoni limeanza kuvuja pale pale ulipopajua. Fundi anataka kubadilisha mabati manne, mimi nasema mawili na lami yanatosha. Kama una chochote mwisho wa mwezi sikukatai, lakini usijibane, kodi yako kwanza. Yule mbuzi wa akika ya mtoto wa Twalib bado yuko kwetu na amekula kanga ya mama yenu, ile ya kijani. Mnazi wa mbele umeinamia nyaya, nimewaambia watu wa umeme mara mbili. Wewe unakula? Kwenye picha ya juzi ukiwa na sare nyeupe umependeza, lakini mashavu yamekwenda wapi? Picha hiyo nimeisafisha dukani na kuitundika kibandani juu ya meza. Mteja akiingia hata kama hajauliza namwambia.

Wanafunga shule Ijumaa. Kassim anakuja kwako Jumamosi, nimeshamkatia tiketi ya basi la saa mbili, akifika stendi ya Magufuli atakupigia kwa simu ya mama yenu, nimempa. Ana kikapu cha machungwa, ana vibibi vya kula njiani ambavyo vikifika vizima nitashangaa, na ana barua hii. Ndiyo, yeye ndiye anayeileta. Sikuwa na mwingine, na kumlipa konda kwa karatasi nimeona ni israfu. Nimeifunga kwa gundi. Usimpekue begi mbele ya wenzako mnaoishi nao. Mlishe kwanza, mwache alale, muulize kesho yake.

Ukikuta bahasha imefunguliwa usimgombeze. Muulize tu amefika ukurasa wa ngapi, na kama ameishia pale penye jina lake mpe amalizie.

Na lile sufuria kubwa la mama yenu mlilokwenda nalo kwenye harusi mwezi wa nne, mpe arudi nalo. Analitaka kabla ya Maulidi.

Ni mimi babako,
Ngamiani, Tanga