Upungufu wa wauguzi usiitwe dharura

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya kuwabakisha wauguzi kazini baada ya zamu zao kwisha, ambayo imezoeleka kiasi kwamba anayeihoji huonekana hana wito.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zinatakiwa zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Tena kazi ya siku moja isipite saa 12. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaiondoa mipaka ya saa kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika muda wa kawaida. Hilo ni haki kabisa, kwani basi likipinduka na majeruhi wakaletwa wakati wa kubadilishana zamu, sijui muuguzi atakayechukua mkoba wake na kuondoka. Lakini nafasi ya mstaafu inapokaa miezi bila kujazwa, na ratiba ikaendelea kupangwa kwa kutegemea kwamba wa zamu ya mchana atabaki hadi asubuhi, mwajiri anajua tangu mwanzo wa mwezi kitakachotokea. Dharura gani hiyo inayojulikana mapema?

Wapo watakaosema kwamba wauguzi hubaki kwa hiari. Katika wodi ya wazazi, ambako mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni hupimwa kila nusu saa uchungu ukishakolea, muuguzi asiye na wa kumkabidhi wodi hawezi kuondoka bila kuwatelekeza wagonjwa, na akiwatelekeza atajibu mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ridhaa ya mtu aliyebanwa hivyo mimi siiiti makubaliano. Na anayeumia si yeye peke yake: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba muuguzi anayefanya zamu ya saa 12 na nusu au zaidi ana uwezekano mara tatu wa kufanya kosa, na katika kazi yetu kosa ni dozi iliyozidishwa au damu inayotoka bila kuonekana.

Ninaiomba Wizara ya Afya, ikishirikiana na TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, iagize kwamba kila muuguzi anapobakishwa, katika hospitali za umma na za binafsi, sababu na saa ziandikwe, msimamizi na muuguzi watie saini, na nakala imfikie ofisa kazi anayesimamia sheria za kazi. Sababu ile ile ikijirudia wiki baada ya wiki, mwajiri asiruhusiwe kujitetea kwa kipengele cha dharura, bali atakiwe kulipa saa zote za ziada na kueleza ni lini ataajiri.

Muuguzi,
Morogoro