Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo? Karibu Kisumu, na pole kwa jua.

Mgeni wetu, kwenye meza yetu utaona visahani vyenye udongo mweusi wa Kano. Tafadhali usivifungue, fundi wa maabara ameviziba kwa utepe na ni mkali. Humo mmeota madoa meupe yenye unga kama chokaa, na doa moja limezungukwa na duara tupu ambalo bakteria wengine hawalisogelei. Tunashuku ni Streptomyces, ukoo wa bakteria unaoupa udongo harufu ile ya mvua.

Mwaka wa 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, Albert Schatz alipata streptomisini kutoka kwa Streptomyces griseus. Hiyo ndiyo iliyokuwa kiuavijasumu cha kwanza kutibu kifua kikuu. Tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Klabu nzima inaona Schatz alionewa.

Lakini kilichotukosesha usingizi ni jambo jingine: bakteria huyu hatengenezi dawa ovyo. Seli zikiwa bado chache, protini iitwayo ArpA huizima jeni ya adpA. Seli hizo hutoa molekuli ndogo, Faktori A, ambayo huzidi kadiri zinavyoongezeka. Ikitosha, hata kama ni kidogo mno, huinasa ArpA na kuibandua kutoka kwenye adpA. Hapo adpA huamka, ikaamsha jeni nyingine, strR, nayo strR ikawasha jeni za streptomisini. Pamoja nazo huwashwa jeni inayomkinga bakteria mwenyewe asiuawe na sumu yake.

Jenomu, yaani jumla ya maagizo ya urithi, ya nduguye, Streptomyces coelicolor, ilipochapishwa mwaka wa 2002, ilionekana ina vikundi zaidi ya 20 vya jeni za kutengeneza kemikali kama hizi, vingi vikiwa vya kemikali zisizojulikana. Ndiyo sababu tunataka kubadilisha chakula visahanini, tuone kikundi kipi kitaamka.

Shida ni vifaa. Vyombo tunavitakasa kwa sufuria ya presha ya jikoni, na wapishi huidai kabla maharagwe hayajaloweka vizuri. Tunaomba sufuria yetu wenyewe, inkubeta moja (kisanduku cha kuoteshea bakteria kwa joto lisilobadilika), na utuombee nafasi ya kuzuru maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kisian.

Tunatanguliza shukrani.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi.