Nyumba ipimwe siku ya kufunga kamba

Mhariri,

Ugomvi wa wenye ploti na wakandarasi juu ya ukubwa wa nyumba umezidi hapa Malindi, kuanzia Muyeye hadi Maweni. Mara nyingi huzuka zege la msingi likiwa limeshakauka, jirani ndipo anapolalamika kwamba amesogelewa. Hapo hakuna la kurekebisha bila nyundo. Ugomvi huo ungezuilika siku ya kufunga kamba, yaani kuonyesha ardhini kwa kamba zitakapokaa kuta kabla ya kuchimba msingi, lakini siku hiyo mwenye nyumba huwa hayupo na ramani iko kwenye simu ya fundi, haisomeki.

Chukua ploti ya futi 50 kwa 100. Ramani iliyopigwa muhuri na kaunti inaonyesha nyumba ya 30 kwa 50 kwa nje, na futi 10 zimeachwa kila ubavu. Fundi akizichukua 30 na 50 kuwa vipimo vya ndani, kuta zote zinatoka nje. Ukuta wa inchi 9 pande mbili ni futi moja na nusu, kwa hiyo nyumba inakuwa 31½ kwa 51½. Futi mraba 1,500 zimekuwa 1,622. Hizo 122 ni chumba kizima cha kulala, na kama kazi ilipatanwa kwa futi mraba, mwenye nyumba atazilipia.

Mkandarasi atajitetea kwamba jengo limefunika asilimia 32 tu ya ploti badala ya 30. Hesabu yake ni sahihi, lakini haimwondolei kosa. Ruhusa ina masharti zaidi ya asilimia: nafasi ya ubavuni iliyoidhinishwa kuwa futi 10 sasa ni futi 9 na inchi 3. Ukiongeza upenu wa makuti wa futi mbili au tatu, maji ya mvua na hatari ya moto vyote vinazidi kumkaribia jirani.

Kosa jingine linatokana na tepu. Ramani huchorwa kwa milimita, fundi anapima kwa futi. Mita 3 ni futi 9 na inchi 10, yeye anaandika 10. Vyumba vitatu vikipangwa mstari mmoja, karibu inchi 6 zimeshaongezeka na hakuna aliyekusudia kuiba.

Kabla ya yote, hakikisheni ploti yenyewe. Ile ya 50 kwa 100 kamili ni hekta 0.0465. Hati ikisema 0.042, mmepungukiwa karibu futi mraba 480, na nyumba iliyochorwa kwa ploti kamili haitakaa humo na nafasi zake zote. Bikoni, yaani alama ya mpaka kwenye kona ya ploti, ikikosekana, aitwe mpimaji ardhi aliyesajiliwa. Msikubali kuonyeshwa mpaka kwa mnazi au kwa ua wa jirani.

Siku ya kamba, vuteni kwanza kutoka bikoni hadi bikoni, kisha pimeni kwenda kwenye kamba ya uso wa nje wa ukuta. Msipime ukingo wa mtaro wa msingi. Mtaro wa futi mbili unazidi ukuta wa inchi 9 kwa inchi saba na nusu kila upande, na wengi hugombana bure kwa sababu hiyo. Halafu pimeni kona kwa kona: nyumba ya 30 kwa 50 lazima itoe futi 58 na karibu inchi 4 pande zote mbili. Zikitofautiana, nyumba imekaa mshazari na kona moja itakula nafasi ya pembeni hata kama nyingine ziko sawa.

Tuwe waadilifu pia: mara nyingine ni mwenye nyumba anayemwambia fundi "ongeza kidogo hapo". Chumba kikihitajika, mchoro mpya urudishwe kaunti kabla ya kuchimba. Kujenga bila ruhusa, kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Notisi ya kusimamisha kazi yaweza kupewa mwenye ploti, mkaaji, wakala au mjenzi. Asiyeridhika ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya kaunti, na siku hizo huisha watu wakiwa bado wanabishana kwenye ploti.

Tunaiomba Kaunti ya Kilifi imtume mkaguzi kamba zikiwa zimefungwa, si baada ya zege kumwagwa. Nanyi wenye ploti, andikeni kwenye makubaliano maneno "vipimo vya nje ya ukuta", na malipo ya msingi yasitolewe kabla ya kona zote nne kupimwa mbele ya pande zote mbili na karatasi kutiwa saini.

Mkaazi wa Malindi