Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: tuonyesheni tarehe za kuiva za mikopo ya nje

Mheshimiwa Gavana,

Salaam kutoka Kigoma. Sisi wahasibu na walimu wa uchumi wa mkoa huu tunaomba jedwali moja zaidi katika taarifa zenu za kila mwezi: la mikopo ya nje na tarehe zake za kuiva, yaani siku za kulipwa.

Dola anayoleta mfanyabiashara wa Kalemie mwaloni Kibirizi kununua saruji imeshalipia bidhaa, haimdai mtu. Dola ya mkopo wa miezi 6 ina siku ya kurudi kwao. Zikifika benki, dola zote mbili huipa shilingi nguvu vilevile, na hapo ndipo nchi hudanganyika.

Thailand ilidanganyika hivyo. Benki na kampuni zake zilikopa dola za muda mfupi kwa riba nafuu, fedha zikaishia kwenye majengo ambayo kodi yake ya pango ingelipwa kwa baht, fedha ya Thailand, tena kwa miaka mingi. Baht ilishikiliwa karibu 25 kwa dola, kwa hiyo wachache walijikinga dhidi ya kushuka kwake. Ilipoanza kushambuliwa na waliobashiri itashuka, Benki Kuu yao iliitetea kwa mikataba ya kuuza dola tarehe za mbele, ambayo haikuonekana kwenye akiba ya fedha za kigeni iliyotangazwa. Julai 2, 1997 ikaiachia. Agosti ikatangazwa kwamba mikataba hiyo ilifikia dola bilioni 23.4: sehemu kubwa ya akiba ilikuwa na mwenyewe tayari. Januari 1998 dola ikavuka baht 50. Aliyekopa dola milioni 1 akadaiwa baht milioni 50 badala ya 25, bila kukopa hata senti ya ziada.

Kipimo chetu cha akiba ya kuagizia bidhaa miezi 4 hakioni hatari hii, maana hupima meli zinazokuja, si wakopeshaji wanaoondoka.

Jedwali lioneshe deni la nje la benki na kampuni binafsi linaloiva ndani ya miezi 12. Kando yake akiba, zikitolewa dola zilizokwisha kuahidiwa. Kisha deni hilo ligawanywe: wakopaji wanaoingiza dola, na wanaoingiza shilingi. (Hao wa pili ndio hasa wanaotukosesha usingizi.)

Chile, kati ya 1991 na 1998, ilidai sehemu ya mikopo ya nje, asilimia 20 kisha 30, iwekwe Benki Kuu bila riba, hatimaye kwa mwaka mzima. Mkopo mfupi uliumia kuliko mrefu, maana gharama hiyo ilibebwa kwa muda mfupi. Wajanja walipenya kupitia mikopo ya biashara, na sheria ikabidi irekebishwe mara kwa mara. Hatuombi hilo leo.

Benki zitalalamika kuhusu kazi. Lakini kila mkopo wa nje tayari husajiliwa kwenu kupitia benki ya mkopaji. Kwenye fomu hiyo ongezeni swali moja tu: mapato ya kuulipa ni ya fedha gani?

Wenu,
Wahasibu na walimu wa uchumi, Kigoma